MIAKA 13 MLANGONI: ROMANIA YAINGIA SCHENGEN

Kuna mto mkubwa huko Ulaya uitwao Danube. Mto huu unapita katika nchi nyingi kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Kwa mamia ya kilomita mto huu ndio mpaka kati ya nchi mbili. Upande wa kaskazini ni Romania. Upande wa kusini ni Bulgaria.

Katika mji wa Giurgiu, upande wa Romania, kuna daraja la chuma linalovuka mto mpaka mji wa Ruse, upande wa Bulgaria. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1954. Urefu wake unapita kilomita 2. Kwa karibu miaka 60 lilikuwa daraja pekee juu ya mto huo kati ya nchi hizo mbili. Daraja la pili lilifunguliwa mwaka 2013. Malori mengi yanayotoka Uturuki na Ugiriki kwenda Ulaya ya kati hupita hapo Giurgiu. Kwa miaka mingi yalisimama hapo pia.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025, saa sita kamili, walinzi wa mipaka wa nchi zote mbili waliinua kizuizi katika daraja hilo. Tangu usiku ule anayevuka hapo kwa kawaida haulizwi tena pasipoti wala kitambulisho. Anapita tu. Siku ileile ukaguzi kama huo uliondolewa kati ya Romania na Hungaria, na kati ya Bulgaria na Ugiriki.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ya kila siku ni mahindi, mbolea na majosho. Msomaji anaweza kuuliza, bwana shamba anatafuta nini katika mipaka ya Ulaya? Jibu langu ni kwamba mpaka ni jambo la mkulima pia. Mazao yanasafiri, mifugo inasafiri, magonjwa yanasafiri, na vijana wetu nao wanasafiri. Tena habari hii ya Romania ina jambo moja ambalo linafaa kujulikana. Nchi ilitimiza masharti yote, ikapewa cheti cha kufaulu, halafu ikaachwa mlangoni kwa zaidi ya miaka 13.

MAANA YA SCHENGEN

Schengen ni jina la kijiji. Kijiji hiki kipo katika nchi ndogo ya Luxembourg, kando ya mto Moselle. Wakulima wa huko hulima mizabibu na kutengeneza mvinyo. Kijiji kipo mahali ambapo nchi tatu zinakutana, yaani Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa.

Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi 5 walikutana hapo. Nchi hizo ni Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi, na nchi ambayo wakati ule iliitwa Ujerumani Magharibi. Walitia saini mkataba wakiwa ndani ya meli mtoni. Walikubaliana kuacha, hatua kwa hatua, kuwakagua watu katika mipaka iliyo kati yao.

Kazi hiyo haikwisha upesi. Mkataba wa pili, ulioeleza namna ya kutekeleza ule wa kwanza, ulitiwa saini mwaka 1990. Ukaguzi wenyewe uliondolewa tarehe 26 Machi 1995. Wakati huo Hispania na Ureno nazo zilikuwa zimeingia. Kwa hiyo hata waanzilishi walitumia karibu miaka 10 kutoka saini hadi vitendo.

Baada ya Romania na Bulgaria kuingia, nchi za eneo hili zimefika 29. Nchi 25 kati ya hizo ni wanachama wa Umoja wa Ulaya. Nchi 4 si wanachama wa Umoja huo. Hizo ni Norwei, Iceland, Uswisi na Liechtenstein.

Tusichanganye jambo hili na lile tunalolijua hapa kwetu. Namanga, Rusumo na Tunduma tuna vituo vya pamoja vya mpakani. Maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi mahali pamoja. Msafiri anasimama mara moja badala ya mara mbili. Hayo ni maendeleo, lakini bado anasimama, anaonyesha hati na kugongewa muhuri. Katika eneo la Schengen msafiri hasimami. Barabara inaendelea kama inavyotoka wilaya moja kuingia wilaya nyingine. Kibao cha barabarani ndicho kinachomwambia kwamba sasa yuko nchi nyingine.

LORI LINAPOSIMAMA

Romania ni nchi ya watu wapatao milioni 19. Ardhi yake ni nzuri. Wakulima wake huzalisha ngano, mahindi na alizeti kwa wingi. Nchi hii iliingia katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, siku moja na jirani yake Bulgaria. Tangu siku hiyo bidhaa za Romania hazilipi ushuru wa forodha zikiingia Hungaria, Ujerumani au Ufaransa.

Hapa msomaji atashangaa. Kama ushuru hakuna, lori lilikuwa linasimama kwa nini?

Lilisimama kwa ajili ya dereva. Mzigo ulikuwa huru, lakini mtu hakuwa huru. Ilibidi kila dereva aonyeshe hati yake. Ilibidi gari litazamwe kama kuna watu waliojificha ndani. Kukagua gari moja si kazi kubwa. Lakini lori la mwisho katika foleni hungoja malori yote yaliyo mbele yake. Foleni zilifika kilomita nyingi. Madereva walikaa mpakani saa nyingi, na mara nyingine walilala hapohapo.

Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka nyanya soko la mbali anajua hasara yake. Nyanya haiwezi kuambiwa isubiri. Kama gari lina mashine ya baridi, mashine hiyo inakula mafuta hata gari likiwa limesimama. Dereva naye anadai malipo ya siku yake. Gharama hizo hazibaki mpakani. Mfanyabiashara huzihesabu kabla hajaondoka, halafu hupunguza bei anayomlipa mkulima shambani. Kwa njia hiyo foleni ya Giurgiu ililipiwa na mtu wa kijijini ambaye labda hajawahi kuliona daraja lenyewe.

Foleni ya pili ilikuwa ya watu. Waromania wengi wanafanya kazi nje ya nchi yao. Katika Italia peke yake wapo wapatao milioni moja. Wengine wako Ujerumani na Hispania. Wanavuna matunda na mboga, wanajenga nyumba, wanatunza wazee. Wakati wa Krismasi, Pasaka na mwezi wa Agosti hurudi kwao kwa magari. Mahali paitwapo Nădlac, katika mpaka wa Hungaria, palijulikana sana kwa foleni za siku hizo. Mtu alikuwa anatoka Italia, anapita nchi mbili au tatu bila kusimamishwa, halafu anasimama kwenye mlango wa nchi yake mwenyewe huku watoto wanalia nyuma ya gari.

KUTOKA NCHI ILIYOFUNGWA

Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliwagusa watu moyoni, lazima turudi nyuma kidogo.

Hadi mwezi wa Desemba 1989 Romania ilitawaliwa na Nicolae Ceaușescu. Wakati wake mwananchi wa kawaida hakukaa na pasipoti nyumbani. Pasipoti zilishikwa na polisi. Kutoka nje ya nchi ilikuwa ni kuomba, na wengi walinyimwa. Wapo waliojaribu kutoroka usiku kwa kuogelea mto Danube, upande wa magharibi ambako mto huo uligawa Romania na Yugoslavia. Baadhi yao walifika ng'ambo. Baadhi walizama. Baadhi walipigwa risasi na walinzi.

Kwa hiyo mzee wa Romania aliyeona kizuizi kinainuliwa juu ya mto uleule hakufikiria malori tu.

Utawala wa Ceaușescu ulipoangushwa, milango ilifunguka mmoja mmoja. Tangu tarehe 1 Januari 2002 Waromania waliruhusiwa kutembelea nchi za Schengen bila viza. Mwaka 2007 waliingia katika Umoja wa Ulaya. Lakini baadhi ya nchi za Umoja ziliendelea kuwawekea vizuizi vya ajira. Vizuizi vya mwisho viliondolewa tarehe 1 Januari 2014. Uliobaki ulikuwa mlango mmoja, ule wa ukaguzi mpakani. Na huo ndio uliokuwa mgumu kuliko yote.

MASHARTI YA KUINGIA

Nchi haiingii Schengen kwa kutaka tu. Fikiria nyumba kadhaa zinazokubaliana kubomoa nyua za kati na kubaki na ua mmoja wa nje. Mwenye nyumba ya pembeni ndiye atakayelinda ua huo kwa niaba ya wote. Akilala yeye, mwizi ataingia kwa wote. Ndiyo maana wenzake wanataka kwanza waone mlango wake, kufuli lake na taa zake.

Romania ni nyumba ya pembeni. Inapakana na Ukraine, Moldova na Serbia, na ina pwani katika Bahari Nyeusi. Mipaka hiyo yote pamoja inapita kilomita 2,000. Serikali ilitakiwa kuweka askari waliofunzwa, magari, boti, na vyombo vya kuona usiku. Ilitakiwa pia kuunganishwa na daftari kubwa la pamoja la nchi za Schengen. Daftari hili limo katika kompyuta. Ndani yake yameandikwa majina ya watu wanaotafutwa, watoto waliopotea, magari yaliyoibiwa na hati zilizoibiwa. Polisi wa nchi moja akiandika jina, polisi wa nchi nyingine analiona. Aidha, kulikuwa na masharti juu ya utoaji wa viza, ushirikiano wa polisi, na ulinzi wa habari za siri za watu.

Wakaguzi wa nchi nyingine walikwenda kuona kwa macho yao. Mwezi Juni 2011 nchi wanachama zilitamka kwamba Romania na Bulgaria zimetimiza masharti ya kitaalamu. Mwezi huohuo Bunge la Ulaya nalo liliunga mkono.

Mtihani ulikuwa umepitwa. Sasa ilibaki ruhusa. Na ruhusa hii ina kanuni yake. Lazima nchi zote wanachama wa Umoja zilizomo katika Schengen zikubali. Nchi moja tu ikisema hapana, jambo linakwama. Haidhuru nchi hiyo ni kubwa au ndogo.

UHOLANZI YAKATAA, NA MAUA YASIMAMISHWA

Mwezi Septemba 2011 Uholanzi na Finlandi zilisema hapana. Sababu waliyoitoa ni rushwa. Walisema kwamba vyombo vya kuona usiku havina faida kama askari anayevitumia anaweza kununuliwa.

Hoja hii haikutoka hewani. Mwezi Februari mwaka huohuo polisi wa Romania wenyewe walivamia vituo vya mpakani na kukamata makumi ya askari na maofisa wa forodha. Walituhumiwa kupokea rushwa ili kupitisha sigara za magendo. Mtu anaweza kulitazama jambo hilo kwa njia mbili. Anaweza kusema, tazama jinsi rushwa ilivyojaa. Au anaweza kusema, tazama serikali inawakamata watu wake. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli. Mwaka uliofuata hata Waziri Mkuu wa zamani, Adrian Năstase, alihukumiwa kifungo kwa makosa ya rushwa.

Katika wiki zilezile za Septemba 2011 kulitokea jambo ambalo bwana shamba hawezi kuliacha. Maofisa wa Romania walisimamisha mpakani malori yaliyobeba mbegu na maua kutoka Uholanzi. Yalikuwemo maua yaitwayo tulip, ambayo mbegu yake inafanana na kitunguu. Uholanzi inajulikana dunia nzima kwa maua hayo. Maofisa walisema huenda mizigo hiyo ina bakteria wa hatari kwa mimea. Viongozi wa Romania walieleza kwamba hatua hiyo haina uhusiano wowote na Schengen.

Ukaguzi wa mimea ni kazi ya maana. Mnyauko bakteria unaweza kuingia kijijini kwa miche michache tu, ukaharibu nyanya na viazi mviringo kwa miaka. Lakini bakteria hawana kalenda ya mikutano ya mawaziri. Watu wengi wa Ulaya walicheka, na mimi pia nimecheka. Maua hayakubadili neno la Uholanzi.

Finlandi ililegeza baadaye. Lakini jambo lilibaki pale kwa zaidi ya miaka 10. Kila mwaka lilizungumzwa, kila mwaka likaahirishwa. Katika muda huo Kroatia, ambayo iliingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2013, ilijitayarisha na kuwafikia.

SIKU YA KURA

Tarehe 8 Desemba 2022 mawaziri walikutana mjini Brussels. Nchi tatu zilikuwa zinaomba. Kroatia ilikubaliwa, na ikaingia tarehe 1 Januari 2023. Romania na Bulgaria zilikataliwa. Uholanzi haikuwa tena na neno juu ya Romania, ila juu ya Bulgaria. Lakini maombi ya nchi hizi mbili yalifungwa pamoja katika kura moja. Na safari hii Austria ilizikataa zote mbili.

Austria haikuzungumza sana juu ya rushwa. Ilizungumza juu ya wahamiaji. Ilisema kwamba mwaka ule wa 2022 zaidi ya watu 100,000 walikamatwa wakiwa wameingia Austria bila kibali, na kwamba wengi wao hawakuwa wameandikishwa katika nchi yoyote ya Umoja waliyopitia. Waliuliza, kwa nini tupanue eneo wakati ua la nje linavuja?

Romania ilijibu kwamba wahamiaji hao wengi wao hawakupita kwake. Walipita Serbia na Hungaria. Ukitazama ramani utaona kwamba jibu hili lina nguvu. Mtu anayetoka Uturuki kwenda Vienna hana haja ya kuzunguka Romania. Wapo pia waliosema kwamba Austria ilikuwa inatazama uchaguzi wa jimbo lake la Austria ya Chini, uliofanyika tarehe 29 Januari 2023, na kwamba chama tawala kiliogopa kupoteza kura. Bila shaka Waustria wa kawaida walikuwa na wasiwasi wa kweli. Lakini kumfungia jirani mlango kwa sababu ya maji yanayopita kwa jirani mwingine si haki. Hayo ni maoni yangu.

Romania ilikasirika. Ilimwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Vienna kwa mashauriano. Wananchi wengine walianza kuzisusia benki na vituo vya mafuta vya makampuni ya Austria. Hata hivyo serikali haikuacha kazi. Iliendelea kuimarisha mipaka na iliendelea kuzungumza.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kulipatikana nusu ya mkate. Iliamuliwa kwamba ukaguzi uondolewe katika viwanja vya ndege na bandarini tu. Hatua hiyo ilianza tarehe 31 Machi 2024. Mwenye tiketi ya ndege alipita. Dereva wa lori alibaki katika foleni yake kwa miezi 9 zaidi.

Tarehe 22 Novemba 2024 mawaziri wa Austria, Hungaria, Romania na Bulgaria walikutana mjini Budapest na kuelewana. Sehemu moja ya maelewano ilikuwa kupeleka walinzi 100 wa pamoja katika mpaka wa Bulgaria na Uturuki. Austria pia ilieleza kwamba idadi ya wanaoingia bila kibali ilikuwa imeshuka sana. Tarehe 12 Desemba 2024 uamuzi ulipitishwa rasmi. Siku 20 baadaye kizuizi cha Giurgiu kiliinuliwa.

WALIO NJE YA UA

Kuna upande wa pili wa habari hii, na haifai kuupita kimya. Kadiri milango ya ndani ilivyofunguliwa, ule wa nje ulizidi kukazwa.

Bulgaria ilijenga uzio wa waya katika mpaka wake na Uturuki. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 2013 na 2014, wakati watu wengi walipokuwa wanakimbia vita vya Syria. Mashirika ya haki za binadamu yameeleza mara nyingi kwamba watu walipigwa na kurudishwa kwa nguvu kabla ya kusikilizwa. Wengine walikuwa na watoto. Sharti la ulinzi lilitimizwa, lakini watu hao ndio waliolilipia.

Upande wa Romania habari ni tofauti kidogo. Mwezi Februari 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, maelfu kwa maelfu ya akina mama na watoto walifika katika kivuko cha Siret na vingine. Ilikuwa baridi kali, na theluji ilianguka. Romania haikuwafungia. Wananchi walikwenda mpakani na chai ya moto, mablanketi na magari ya kuwachukua. Mpaka uleule ambao ulikuwa unasemwa haulindwi vizuri ulipokea wakimbizi wengi kwa muda mfupi bila vurugu. Miezi michache baadaye Austria ikapiga kura yake ya hapana.

Kuna pia mto Prut, unaogawa Romania na Moldova. Watu wa pande zote mbili wanazungumza lugha moja, na wengi ni ndugu. Sasa Prut ni ua la nje la Schengen. Watu wa Moldova wenye pasipoti za kisasa waliruhusiwa tangu mwaka 2014 kuingia kwa matembezi bila viza. Lakini wanasimama na kukaguliwa, hata kama wanakwenda kumzika shangazi ng'ambo ya mto.

NG'OMBE BADO ANA HATI

Mtu asidhani kwamba sasa hakuna ukaguzi kabisa. Kwa miezi 6 ya kwanza Romania, Bulgaria na Hungaria zilikubaliana kukagua baadhi ya magari bila kusimamisha yote. Kanuni za Schengen pia zinaruhusu nchi kurudisha ukaguzi kwa muda ikiona hatari. Austria iliurudisha katika mpaka wake na Hungaria mwaka 2015. Ujerumani iliurudisha katika mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba 2024. Kwa hiyo Mromania aliyepita Nădlac bila kusimama aliweza kusimamishwa mbele ya safari.

Hata foleni ya Giurgiu haikwisha siku ile. Daraja ni la kizamani, na tangu Julai 2024 upande wa Bulgaria ulikuwa unatengenezwa. Magari yalibanana katika nafasi ndogo. Kibali cha mawaziri hakipanui daraja.

Jambo linalonivutia mimi zaidi ni mifugo. Dereva haonyeshi pasipoti yake, lakini ng'ombe aliye nyuma ya lori lake lazima awe na hereni ya namba masikioni na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo. Uhuru wa Schengen ni wa watu. Mnyama hakupewa uhuru huo, na kuna sababu nzuri.

Mwezi Julai 2024 sotoka ya mbuzi na kondoo ilionekana Ugiriki, na siku chache baadaye ikaonekana Romania. Wanyama wa sehemu zilizopata ugonjwa walizuiwa kuhamishwa. Mwezi Machi 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Hungaria. Huko haukuwa umeonekana kwa zaidi ya miaka 50. Kisha ukazuka Slovakia. Mwezi Aprili Austria ilifunga kwa muda vivuko vidogo zaidi ya 20 katika mipaka yake na nchi hizo mbili, ili magari yapite barabara kubwa chache ambako yanaweza kuangaliwa. Barabara iliyokuwa wazi kwa binadamu kwa miaka mingi ilifungwa kwa sababu ya kwato za ng'ombe. Wafugaji wetu wanaolalamika karantini ikitangazwa mnadani wajue kwamba hata huko kwenye nchi zisizo na mipaka karantini ipo.

MTANZANIA ANAYESAFIRI

Kwa Mtanzania mabadiliko haya yana maana moja kubwa. Zamani Romania na Bulgaria zilitoa viza zao peke yao. Tangu tarehe 31 Machi 2024 balozi zao zinatoa viza ya Schengen kama wenzao. Mwenye viza hiyo ya kawaida ya matembezi anaweza kukaa katika eneo lote siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Siku hizo zinahesabiwa kwa nchi zote pamoja. Akikaa Ujerumani siku 60, zinabaki 30 za Romania. Zamani hazikuhesabiwa hivyo, na wapo watakaojikuta wamevunja sheria bila kujua.

Ada ya viza kwa mtu mzima ilipandishwa mwezi Juni 2024 kuwa Euro 90. Anayekataliwa harudishiwi. Lazima pia awe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza kuwekwa mpango mpya katika mipaka ya nje. Badala ya kugonga muhuri, picha ya uso na alama za vidole za mgeni huwekwa katika kompyuta, na kompyuta hiyo ndiyo inayohesabu siku zake.

Kuna vijana vijijini wanaoambiwa kwamba Romania sasa imefunguliwa, na kwamba wakitoa fedha watapelekwa kufanya kazi mashambani au viwandani. Romania kweli inaajiri wageni, kwa kuwa watu wake wengi wako nje. Lakini viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi. Kibali cha kazi cha Romania huombwa kwanza na mwajiri mwenyewe, kwa idara ya uhamiaji ya huko. Kibali hicho kikishatoka ndipo mfanyakazi huomba viza ya muda mrefu ubalozini. Kijana akiletewa habari hiyo, aombe kuona nakala ya kibali chenye jina lake na jina la mwajiri kabla ya kuuza ng'ombe.